Madirisha Saba ya Pimamaji

Kijiji kizima kilimjua fundi wake kuwa mtu anayeipenda shule, na hapo ndipo kijiji kizima kilipokosea. Si kwamba aliichukia. Lakini ukimwona mtu mzima anapita shuleni kila asubuhi kabla ya kengele, anazunguka jengo, anagonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, utasema nini? Utasema ana mapenzi. Walimu wakasema hivyo, wazazi wakasema hivyo, mwalimu mkuu akalisema mkutanoni kila muhula mpaka likawa kama sehemu ya ajenda. Mwenyewe alipokuwa akisifiwa alitazama chini kama bwana harusi, na watu wakaongeza kwamba ni mnyenyekevu pia. Walimvika kilemba cha ukoka na yeye hakuwa na mahali pa kukitua.

Jina lake la nyumbani lilikwisha kusahaulika. Aliitwa Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa chenye kichupa cha maji ndani ambacho mafundi hukilaza juu ya matofali kuona kama yamekaa sawa. Chake kilikuwa cha manjano na hakikumtoka mkononi. Alikitumia kazini na nje ya kazi. Mkewe alipenda kuwasimulia mashoga zake kwamba siku ya kwanza ya ndoa yao Pimamaji alikilaza juu ya kitanda, akakuta upande wa miguuni umeshuka, akatoka kwenda kutafuta kipande cha ubao cha kuinulia huku bibi harusi amekaa anamsubiri. Hadithi hiyo aliitia chumvi kidogo kila mwaka. Mwaka huu kitanda kilikuwa kimeinama kiasi kwamba mtu angeweza kuteleza mpaka mlangoni.

Lakini fundi alikuwa fundi kweli, hilo halina ubishi. Nyumba alizojenga milango yake haikukwaruza sakafu, na maji ya mvua yalijua pa kwenda. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Ungempa kazi leo, kesho ungemkuta amekwisha kunyoosha uzi, na keshokutwa angekuwa amebomoa kile alichojenga jana kwa sababu kimepinda unene wa ukucha. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelala miaka ishirini na mbili na jambo moja kifuani.

Miaka hiyo ishirini na mbili nyuma, wakati kijiji kilipojenga jengo la kwanza la shule kwa nguvu zake chenyewe, Pimamaji alikuwa na miaka ishirini na sita, na ndiyo mara yake ya kwanza kusimamia kazi kubwa bila mkubwa nyuma yake. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa baba wa msichana aliyemtaka. Kwa hiyo kila tofali alilolaza pale lilikuwa pia linapeleka posa. Siku ya kumwaga linta, yaani zile boriti za zege zinazolala juu ya dirisha na kubeba matofali ya juu yake, watu walijitokeza wengi kuliko ilivyotarajiwa. Wanawake walichota maji, wanaume walikoroga zege kwa koleo na kupokezana makarai, na wingu lilikuwa limekaa vibaya upande wa mlimani. Zege likishakorogwa haliwezi kusubiri, kwa hiyo madirisha yote saba ilibidi yamwagwe kabla ya mvua. Yakamwagwa. Watu wakapiga makofi, mvua ikaanza, kila mtu akakimbilia kwake.

Asubuhi yake Pimamaji alikwenda kukagua, akakanyaga kitu kwenye majani marefu nyuma ya lundo la kokoto. Nondo nne, zimefungwa kwa waya pamoja na vikuku vyake, yaani zile pete za chuma za kuzishikilia, urefu wa dirisha moja. Alikuwa amezifunga mwenyewe, mafungu saba kwa madirisha saba. Mafungu sita yalikuwa ndani ya zege na la saba lilikuwa chini ya mguu wake. Katika ile haraka mtu alimwaga zege kwenye boksi tupu la mbao, na msimamizi, ambaye ndiye yeye, hakuangalia. Zege lisilo na chuma ndani ni kama biskuti: linaonekana gumu mpaka siku utakapoliwekea mzigo.

Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kumwambia, maana linta bado ilikuwa mbichi na kubomoa kungekuwa kazi ya asubuhi moja. Mwenyekiti alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamwita mwanangu mbele ya mkewe na binti yake, kwa mara ya kwanza. Pimamaji akasema amekuja kuwaamkia tu. Kabla ya jua kuzama alilitumbukiza lile fungu la nondo kwenye kisima kikavu nyuma ya shule, akajiambia atasema kesho. Kesho ikawa wiki ijayo. Kisha plasta ikafunika kila kitu, mgeni rasmi akaja akafungua jengo, na baada ya mavuno akaoa. Ukishaoa kwa sifa za jengo, unaanzaje kusema jengo lina kasoro?

Kibaya zaidi, hakujua ni dirisha lipi.

Ndiyo sababu ya kuzunguka kila asubuhi. Hakuwa akiipenda shule, alikuwa akitafuta ufa. Akiwa kazini kwa mtu na upepo ukaanza kuvuma mchana, aliacha mwiko ndani ya karai na kushika njia ya shule bila kuaga. Darasa lililokuwa na madirisha mengi lilikuwa la tatu. Mwalimu wake, mwanamke mkimya aliyeanza kazi mwaka jengo lilipofunguliwa, alizoea kumwekea kiti karibu na dirisha, naye aliketi macho juu, mikono magotini, tayari kuruka. Angeruka kufanya nini hakujua. Alijua tu kwamba likianguka atakuwepo. Watoto walisoma, wakahitimu, wakazaa wengine wakawaleta, na wote walikua wakiamini kwamba upepo mkali huja pamoja na fundi.

Mwaka huu ndipo walipokuja watu wa kujitolea. Shirika moja la hisani la mjini lilikuwa limepata habari za shule ile: mabati yametoboka, sakafu imemomonyoka, mbao za paa zimeliwa na mchwa. Walishuka kwenye lori kumi na wawili, wakiwemo wauguzi wawili, karani, kinyozi, wanafunzi wa chuo, na wengine ambao kazi zao kijiji hakikuzielewa hata baada ya kuelezwa mara mbili. Moyo walikuwa nao, mikono ndiyo ilikuwa bado. Siku ya kwanza karani alichota plasta kama mtu anayempakulia mgeni chakula, ikamwangukia yote kiatuni. Kinyozi naye alikwaruza rangi ya zamani kwa uangalifu wa kazi yake, na kufikia jioni alikuwa amemaliza robo ya mlango, safi kabisa. Pimamaji aliwashika mikono mmoja mmoja, akawaonyesha namna ya kurusha plasta kwa kiwiko badala ya bega. Walimpenda. Alijisikia vibaya kupendwa.

Kiongozi wao alikuwa mhandisi, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, aliyevaa buti kubwa kiasi kwamba watoto walimpachika jina la Dada Buti siku hiyohiyo, naye akaliitikia. Huyo kazi alikuwa anaijua. Alipitisha kiganja kwenye ukuta, akaupima juu na chini, kisha akasema kwamba amefanya kazi na kampuni kubwa na hajaona ukuta ulionyooka hivi. Akataka Pimamaji awe msimamizi mwenzake, na jina lake liandikwe kwenye kibao cha mbele ya jengo. Pimamaji akasema tumbo linamuuma, akaenda nyumbani.

Siku ya tatu lori lilileta mbao za paa. Zilikuwa za mti mgumu, zimetolewa na mfadhili mwenye nia njema, na kila kenchi, yaani ile pembetatu ya mbao inayobeba mabati, ilihitaji wanaume wanane kuinyanyua. Paa la zamani lilikuwa la miti myembamba ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba begani. Pimamaji alisimama akipiga hesabu kichwani. Ukuta ulioponea chupuchupu miaka yote ile ulikuwa unaletewa mzigo mara tatu, na watoto, ambao sasa walisomea nje kwenye turubai, wangerudishwa chini yake wiki ijayo wakiimba.

Akajaribu kusema kwa kuzunguka. Alimuuliza Dada Buti kama huko mjini huwa wanapima linta za zamani kabla ya kuweka paa jipya. Dada Buti akamjibu kwa heshima kabisa kwamba zingekuwa za fundi mwingine angezipima zote, lakini hizi anaziamini. Alasiri alisema zile mbao ngumu zina harufu mbaya, labda miti myembamba ingefaa zaidi kwa afya ya watoto. Wauguzi wawili walinusa mbao, wakasema hawasikii kitu. Akamwendea mwalimu mkuu, akaanza kwamba kuna jambo linamsumbua, na mwalimu mkuu akamshika bega akamwambia asiwe na wasiwasi, herufi za kwenye kibao zitakuwa kubwa.

Siku ya tano kenchi ya kwanza ilifungwa kamba. Kijiji kilikuwa kimejaa uwanjani. Wanawake walikuwa wameleta maji, mkewe akiwa mmoja wao, na watoto walikuwa wameruhusiwa na walimu wao waje kutazama. Wanaume wanane wakavuta, kenchi ikanyanyuka ikiyumbayumba, ikafika usawa wa madirisha.

"Ishusheni," Pimamaji alisema.

Walidhani hawakusikia vizuri. Akasema tena, safari hii kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu waoane, na kenchi ikashuka. Dada Buti akaja mbio akiuliza kuna nini. Pimamaji aliona uso wa kila mtu. Akapiga moyo konde.

"Linta moja kati ya hizi saba haina nondo ndani," alisema. "Sijui ni ipi. Nilijua tangu kesho yake tulipomaliza kumwaga, na nikaficha."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Mkewe Pimamaji akatua ndoo chini polepole. Dada Buti alivua kofia yake ngumu, akaishika mbele ya tumbo, na uso wake ukabadilika.

"Unajua ni watoto wangapi wamekaa humo ndani, fundi?"

"Namjua kila mmoja," alijibu. "Nilikuwa nawahesabu."

Dada Buti akasema basi zitafunguliwa zote, na Pimamaji akaomba tindo na nyundo, afungue mwenyewe. Akapanda ngazi. Chini ya linta ya kwanza akatoa plasta, akachimba zege kwa tindo, kina cha vidole viwili hivi, mpaka chuma kikagonga chuma. Mlio ule ulisikika mpaka kwenye turubai. Akashuka, akahamisha ngazi. Ya pili ikalia, na ya tatu ikalia.

Ya nne haikulia. Tindo liliingia na kuingia, zege likamwagika kwenye nywele zake, na alipojaribu mahali pengine, na pengine, ilikuwa hivyohivyo. Akabaki juu ya ngazi amelishika dirisha kwa mkono mmoja. Miaka ishirini na mbili, na sasa alikuwa analijua. Akaachia mikono yote miwili kwa furaha, jambo ambalo mtu hapaswi kulifanya juu ya ngazi, na karani akamdaka kiunoni.

Hapo mwalimu wa darasa la tatu, ambaye kwa kawaida hakusema mbele za watu, akasema kwa sauti yake ndogo, "Lakini fundi, hapo ndipo nilipokuwa nakuwekea kiti."

Kicheko kikaanzia kwa watoto kikaenea uwanja mzima. Watu wazima walicheka wakishikana mabega. Kumbe katika kijiji chote, ambaye angekuwa wa kwanza kuangukiwa ni Pimamaji mwenyewe, na alikuwa anakimbia kutoka kazini kwenda kukaa palepale. Dada Buti peke yake hakucheka. Alipanda ngazi, akaangalia kwa muda mrefu, akashuka na kueleza kwamba matofali ya juu ya dirisha lile yalilazwa sawa mno hata yakashikana yenyewe na kuupeleka uzito pembeni, na fremu ya dirisha ikasaidia kidogo. Kwa paa jepesi iliwezekana. Kwa kenchi hizi lisingemaliza mwaka.

"Nimekukasirikia, fundi," alimwambia, "na nitaendelea kukukasirikia mpaka keshokutwa. Lakini umesema kabla. Wengi huwa wanasema baada."

Pimamaji alisema ndiyo, binti yangu, na hakujitetea. Alimalizia kufungua tatu zilizobaki, zikalia zote. Kisha wakaweka nguzo za kushikilia, wakaibomoa ya nne, na ikabomoka kwa aibu, kwa nyundo chache tu. Akafunga nondo nne mpya yeye mwenyewe, akazilaza ndani ya boksi, na kabla zege halijamwagwa aliwaita watu wote kumi na wawili, na mwalimu mkuu, na mwalimu wa darasa la tatu, kila mmoja apande ngazi aguse chuma kwa kidole. Mwalimu mkuu aliogopa ngazi lakini alipanda. Baada ya hapo wakamwaga, taratibu, na hakuna aliyemharakisha mtu. Suala la kibao halikutajwa tena, na Pimamaji alishukuru kwa hilo.

Walirudi nyumbani jua lingali juu. Mkewe alitangulia na ndoo tupu mkononi. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, na Pimamaji alijiandaa. Alijua litakalokuja: kwamba alimposa kwa uongo, kwamba baba yake alikufa akimsifu mtu asiyestahili. Alikuwa tayari kukubali yote. Mwili wake ulikuwa mwepesi sana siku ile, hata matusi angeyabeba bila shida.

Kwenye njia panda ya shambani mkewe akasimama.

"Kwa hiyo ulikuwa unaufuata ukuta," alisema.

"Ndiyo. Kwani wewe ulidhani nafuata nini?"

"Mwalimu."

Pimamaji hakuelewa mara moja. Mkewe akaipindua ndoo, akaikalia katikati ya njia, akamweleza. Kwamba tangu mwaka wa pili wa ndoa alikuwa akiona: upepo ukivuma tu, mume anaacha kazi za watu na kukimbilia darasani kwa yule mwanamke, na huko ana kiti chake, watoto wenyewe ndio waliokuwa wakisema. Kwamba alimuuliza mara moja anakwenda kufanya nini, naye akajibu anakwenda kuangalia shule, macho chini. Sasa mwanaume anayesema anakwenda kuangalia shule huku anatazama chini, mke wake afikirie nini? Aliapa hatauliza tena, na hakuuliza. Ila yeye alimfungia mwalimu uso. Walipishana kisimani bila salamu. Mwalimu alipofiwa na mama yake kijiji kizima kilikwenda, yeye akasingizia homa.

"Miaka ishirini nimemnunia mtu wa watu bure," alisema. "Kwa ajili ya dirisha."

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho, kisha kikageuka kicheko tena. Pimamaji alichuchumaa mbele yake. Siku zote alifikiri hofu ile ni yake peke yake, kumbe alikuwa ameigawa nyumbani bila kujua, na mwenzake alipewa fungu kubwa zaidi. Aliomba msamaha, akamwita mama watoto kama alivyozoea.

"Wewe nitakushughulikia baadaye," mkewe alisema. Alifuta uso kwa pembe ya khanga, akampa ndoo, akageuka kurudi alikotoka.

Pimamaji alikwenda nyumbani, akawasha jiko, akachemsha chai, akakaa nayo. Chai ilipoa akaipasha tena. Mkewe aliingia jua likielekea kuzama, macho mekundu, uso umefunguka kama wa msichana. Alisema mwalimu hakuwa na habari kabisa. Alidhani mke wa fundi ana maringo tu, na akaona si neno. Kuhusu fundi mwenyewe, mwalimu alikuwa na lake: siku zote aliamini ametumwa na kamati kuchunguza ufundishaji wake, ndiyo maana alimwekea kiti kwa adabu. Kwa miaka ishirini na mbili hakuthubutu kukosa siku hata moja wala kuingia darasani bila somo kuandaliwa. Aliwahi kufundisha akiwa na homa, anatetemeka, kwa sababu nje kulikuwa na upepo.

"Ukamwambiaje?" Pimamaji aliuliza.

"Nimemwambia apumzike sasa. Na wewe pumzika. Na mimi naanza leo."

Alijimiminia chai, akaketi karibu na mumewe kwenye benchi. Pimamaji alijaribu kunywa yake, akashindwa, akaweka kikombe chini na kulia kama mtoto, na mkewe akamwacha alie mpaka akamaliza.